Macho Manne, Macho ya Paka na Mlima wa Izigo

Kahawa ya Shamsa ilikuwa haijachemka pale kijiweni, kata ya Bakoba, tayari Ayubu ameshatuletea habari kwenye simu. Toyota Celica mbili zinauzwa Bukoba mjini, wiki moja, madalali wawili tofauti. Moja ya kizazi cha sita, taa nne za mviringo, mtaani wanaiita Macho Manne. Nyingine ya kizazi cha saba, Macho ya Paka, taa zimechongoka kama gari linakudai heshima. Zote milango miwili, zote tumbo chini. Ayubu ni fundi magari, tunamwita Spana, na aliisoma habari hiyo kama mtu anayetangaza mwezi umeandama.

Aliyesimama wa kwanza ni Protase wa Kibeta. Tunamwita Gia Tano kwa sababu ya mdomo. Kumiliki, hajawahi kumiliki hata baiskeli yenye kengele. Ila safari hii ameweka akiba ya kweli na ana shida ya kweli. Jumamosi anakwenda Izigo kujitambulisha kwa kina Kokuberwa, mchumba wake. Mara ya kwanza alikwenda kwa bodaboda, mvua ikamkuta njiani, akafika mwekundu kwa tope mpaka masikioni. Mama mtu, Immakulata, akamwelekeza nyuma ya nyumba akidhani ni yule wa kufyatua tofali. Sasa kuna mwalimu mmoja wa Muleba mjini anazungukazunguka na Noah, na Kokuberwa amesema wazi kwamba mama akikataa tena, yeye hana neno la kuongeza.

"Chukua Macho Manne," Spana akasema. "Injini yake naijua kuliko mifuko yangu."

Karugendo akacheka puani. Huyu ni mwalimu mstaafu, tunamwita Katiba, anajua mila zote za Kihaya pamoja na zile ambazo hazijatungwa bado. Akasema Macho Manne ni gari la wajomba. Mtu anayeoa leo achukue Macho ya Paka, wakwe waone kijana anakwenda na wakati. Spana akamjibu kwamba Macho ya Paka likipita juu ya sisimizi linamkuna mgongo. Katiba akauliza hilo la kwake kwani linaruka. Ikawa vita. Watu waliokuja kunywa kikombe kimoja walikunywa vinne.

Mimi nikasema tatizo si macho ya gari, ni mlima. Kile kipande cha kutoka kwenye lami kupanda kwa kina Kokuberwa kimeahidiwa changarawe mara tatu, na nakumbuka mpaka rangi ya shati la kila aliyeahidi. Wa mwisho alihutubia akiwa juu ya kreti la soda, likavunjika kabla ya ahadi.

"Faili, funga jalada," wakasema wote. Ndilo jina walilonipa.

Katiba ndiye aliyetia mchanga kwenye kahawa. Alimuuliza Gia Tano taratibu, kama anasahihisha daftari, "Waitu, ndugu yangu, ukishakubaliwa, kazi yako ya kwanza ni kumpeleka mazala kwa shangazi yao. Mazala atakaa wapi?"

Mazala, yaani mama mkwe, kwetu hasogelewi. Mkikutana njiani, mkwe anatafuta mgomba wa kujificha. Akikaa kiti cha mbele, kila ukibadili gia mkono unapita jirani na kanga yake. Akikaa nyuma, kwa milango miwili, lazima kiti kikunjwe, ainame, atambae, na wewe umeshika mlango unatazama. Gia Tano alikaa chini.

Shamsa akamimina kahawa bila kutuangalia. "Kokuberwa si ana leseni? Aendeshe yeye, mama akae mbele. Nyuma atambae mwanamume."

Basi mjadala wa vizazi ukaisha hapohapo, likabaki swali la kiti cha nyuma. Alhamisi Spana aliwashawishi madalali wote wawili walete magari kijiweni, na Gia Tano akapimwa kama suti. Nyuma ya Macho ya Paka alikunjika mpaka akawa anasali bila kukusudia. Nyuma ya Macho Manne aliweza kumeza mate. Likachukuliwa Macho Manne, Spana akashangilia kama amelitengeneza yeye.

Jumamosi tuliondoka wanne: Gia Tano kwenye usukani, Katiba kando yake na kanzu na koti kwa kuwa ndiye msemaji wetu, mimi na Spana nyuma tumekunjika. Kwenye lami tulikuwa mawaziri. Tulipoiacha lami mvua ikashuka, na mlima ukatukumbuka. Magurudumu ya mbele yakasaga tope, gari likaimba, likateremka mahali pake. Mara tatu.

Spana akashuka, akatazama kama daktari. Akaeleza kwamba gari hili linavutwa na miguu ya mbele, na likipanda uzito wote unakimbilia nyuma, miguu inabaki haina cha kukanyagia. Dawa ni moja. "Ligeuze. Panda kwa rivasi."

Na ndivyo tulivyofika ukweni. Kinyumenyume. Mimi na Spana tunasukuma kwenye boneti, na Katiba ndani, fimbo mkononi, ameketi kwa heshima zote akiitazama Bukoba tulikotoka.

Msemaji wa upande wao alikuwa amesimama uani na wazee. Nilimsikia akiuliza, "Mbona wanaondoka na hawajafika?"

Nikajua tumekwisha. Gia Tano alizima injini na kuinamisha kichwa kwenye usukani. Ndipo sauti ikatoka mlangoni.

"Waacheni," alisema Immakulata. "Yule wa Noah alinikuta kichwa wazi, akanikodolea macho na taa zake. Huyu amenipa kisogo mpaka nimejifunika. Huyu amelelewa."

Hakuna aliyemweleza habari za vioo vya pembeni. Wazee walikubali, mwani, zile buni za kukaribishia wageni, zikazunguka tukatafuna, na Kokuberwa alicheka mpaka akaingia jikoni kujificha. Tulipoaga, gari lilikuwa tayari limeelekea barabarani, likaondoka kama lilivyokuja, mgongo kwao. Wiki nzima tulikuwa tumegombania macho, na ukoo mzima haukuyaona.

Ningelala nimefurahi, kama si diwani, ambaye ni baba mdogo wa bibi harusi. Aliusindikiza msafara kwa macho, kisha akasema kwa sauti ya mkutano, "Gari dogo namna hiyo limepanda, tena kinyumenyume. Sasa nani anasema barabara ni mbovu?"

Jumatatu kijiweni nilikuwa nimejiandaa. Nikaweka kikombe chini, nikasimama, nikaanza na ahadi ya kwanza na shati lake la kijani.

Spana akamkonyeza Katiba. Katiba akamgusa Gia Tano. Wakanyanyuka wote watatu, vikombe mkononi, wakaanza kuondoka kinyumenyume, polepole, kwa adabu zote. Shamsa naye akabeba birika lake, akawafuata hivyohivyo.