Kamati ya Kitufe cha Baadaye

Idara ya Uhamisho wa Watumishi ilitangaza, kwa bango lililofungwa juu ya lango na kwa waraka uliosomwa kwa sauti kila ghorofa, kwamba kompyuta zake zote zitasasishwa. Zitasasishwa kikamilifu, kisayansi na bila ubaguzi. Kilichobaki ni kuamua lini. Kwa kuwa jambo la lini ni zito na haliwezi kuachiwa mtu mmoja, Mkurugenzi aliunda Kamati ya Kudumu ya Muda Muafaka, akajiteua mwenyekiti, na watumishi wakapiga makofi mpaka waliporuhusiwa kuacha.

Kabla ya hapo mambo yalikwenda kienyeji. Kompyuta ikiwashwa asubuhi ilileta kijisanduku chenye vitufe viwili, kimoja kimeandikwa Sasisha Sasa na kingine Nikumbushe Baadaye, na kila mtu alibonyeza alichotaka, utadhani ofisi haina wenyewe. Mkurugenzi alipogundua hilo alishika kichwa. "Sisi walimu tulioitwa kuongoza," alisema, maana zamani alifundisha hisabati na hakuacha kuwakumbusha watu, "hatuwezi kukubali mchezo huu." Siku hiyohiyo ikazaliwa nafasi ya Afisa Mwandamizi wa Uahirishaji, ambaye kazi yake ni kufika kabla ya wengine, kupita meza kwa meza, na kubonyeza Nikumbushe Baadaye kwa niaba ya taifa.

Nafasi hiyo alipewa karani mmoja wa masjala, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi mpaka kola inasimama yenyewe. Wenzake walimbatiza Bwana Baadaye, naye hakuona dhihaka humo. Baba yake alilinda malango ya watu maisha yake yote na hakuwahi kuitwa Mwandamizi wa kitu chochote. Basi Bwana Baadaye alijinunulia kitambaa laini cha kufutia kipanya kabla hajakigusa, na akajitengenezea namna yake ya kubonyeza, taratibu, kwa kidole cha shahada, asije akaishtua mashine.

Kamati ilichapa kazi. Asubuhi ilikataliwa kwa sababu ndipo watu wanapoanza kazi. Mchana ulikataliwa kwa sababu watu wanakula, na jioni kwa sababu watu wanaondoka, na mashine haifai kuachwa peke yake ikiwa inabadilika tabia. Mwisho wa mwezi kuna mishahara, mwanzo wa mwezi kuna ripoti, na katikati ya mwezi, alisema mhasibu, watu hawana moyo. Mwanasheria wa Idara alitaka kwanza ijulikane kama neno Sasa huanza kuhesabiwa linaposomwa au linapobonyezwa. Kikao kikaahirishwa kwa heshima ya swali hilo.

Fundi wa kompyuta, dada mmoja mwenye ulimi wa pilipili, alialikwa kama msikilizaji. Aliporuhusiwa kusema neno moja, alisema mashine haiahirishwi milele. Ikichoka itajisasisha yenyewe, tena saa itakayopenda yenyewe. Kamati ilitafakari taarifa hiyo na kuazimia kuwa kompyuta haina mamlaka hayo kwa mujibu wa muundo wa Idara. Fundi akarudi chumbani kwake kucheza karata kwenye skrini. Mshahara wake ulikuwa unaingia vilevile.

Katika mafanikio yote haya kulikuwa na dosari moja tu, nayo ni mke wa Bwana Baadaye.

Mke huyo alikuwa mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya mbali, kule barabara inakokata tamaa na basi hufika likipenda. Walioana, wakapata binti, na miaka ikapita wakiishi kama watu waliojuana kwenye simu. Wiki ileile kamati ilipoundwa, mwalimu aliomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Ombi lilipokewa, likaingizwa kwenye kompyuta, likakaa. Watu waliokuja dirishani kuuliza maombi kama hayo walionyeshwa maneno ambayo Mkurugenzi aliyatunga mwenyewe na kuyabandika juu ya dirisha: MFUMO NDIO UMESEMA, NA UAMUZI WA MFUMO NI WA MWISHO. Bwana Baadaye naye alimpa mkewe jibu hilohilo kwenye simu, ila yeye alilisema kwa upole.

Aliyemfumbua macho ni fundi, wakiwa wamepanga foleni ya chai. Alimweleza kwamba programu ya kumfuata mwenza ni mpya, na haifunguki kwenye kompyuta ambayo haijasasishwa.

"Kwa hiyo mfumo ndio umemkatalia," alisema Bwana Baadaye.

"Mfumo gani? Mfumo ni wewe. Kila asubuhi unafuta kipanya vizuri, halafu unamwahirisha wifi yangu."

"Nitaliwasilisha kwenye kamati."

"Kamati ina kidole?" fundi aliuliza, akachukua chai yake akaenda.

Aliliwasilisha kweli. Kamati ilisikitika kwa mujibu wa utaratibu, kisha ikabaini kwamba Afisa wa Uahirishaji kuwa na mke ni mgongano wa maslahi, ikamtaka amtangaze. Akamtangaza. Mkurugenzi alimpigapiga begani na kumwambia avumilie kidogo, kwani Waziri angekuja karibuni kuitunuku Idara ngao ya uthabiti, na baada ya hapo Kitengo cha Uahirishaji kingepewa chumba chenye mlango. Bwana Baadaye aliufikiria mlango huo kwa siku kadhaa, hata na kitasa chake.

Jumapili mkewe alipiga simu. Mvua ilikuwa imenyesha na paa la nyumba ya mwalimu lilikuwa linavuja kama kawaida yake. Alisikika akisogeza ndoo.

"Hiyo mashine yenu inasubiri nini, mume wangu?"

"Muda muafaka. Subira huvuta heri."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo." Akaisogeza tena ndoo. "Mwanao amejua kuandika. Leo kaandika neno baba, na pembeni yake kachora simu."

Bwana Baadaye aliona aibu, aibu kavu ya mtu mzima ambaye hana wa kumsingizia. Asubuhi yake kidole kilisita juu ya kipanya. Kisha akaukumbuka mlango, akabonyeza palepale pa siku zote, na kwa mara ya kwanza hakufuta kipanya.

Siku ya ngao ukumbi ulijaa. Skrini kubwa ilitundikwa ukutani ili Waziri aone jinsi kompyuta za Idara zilivyo tulivu. Waziri, mama mnene mwenye haraka zake, alipakata ngao ambayo angeikabidhi, chai ikiwa mbele yake, na Bwana Baadaye aliketi kwenye kompyuta ya mbele, kipanya mkononi, kwa ajili ya onyesho la kuahirisha. Mkurugenzi alifungua hotuba yake, iliyoeleza kwa kina kwa nini kusasisha kompyuta ni shughuli ndefu, nyeti na isiyotabirika.

Alikuwa bado anawasalimia wageni kwa vyeo vyao skrini ilipogeuka buluu nzima na kuandika: INASASISHA. TAFADHALI USIZIME.

Hakuna aliyekuwa amebonyeza kitu. Mkurugenzi aliagiza waya uchomolewe mara moja. Fundi akamjibu kutoka nyuma kwamba ukichomolewa sasa hivi Idara nzima itabaki na madaftari. Waziri akauliza jambo hilo huchukua muda gani.

"Mheshimiwa, ni shughuli ndefu, nyeti na..." Mkurugenzi alianza.

"Chai yako haitapoa, Mheshimiwa," alisema fundi.

Na haikupoa. Mkurugenzi alirudi kwenye hotuba ili kuziba pengo, na alipofika ukurasa wa pili, penye hatari zinazoweza kutokea, mashine ilikuwa imeshamaliza na kuwaka upya. Waziri alitazama skrini, akaitazama hotuba, akapiga funda la chai.

Programu mpya haikungoja kukaribishwa. Ilifungua maombi yaliyolala na kuanza na la zamani kuliko yote. Ukumbi mzima ukasoma: Mwalimu wa darasa la tatu, kumfuata mwenza. Limekubaliwa. Mstari wa pili ukafuata: Anatafutwa mwalimu wa kuziba nafasi. Kiduara kikazunguka weee, kisha ikatokea picha ya Mkurugenzi, ile ya ujanani yenye nywele, na chini yake maelezo: Mwalimu wa hisabati. Hajaonekana darasani kwa muda mrefu.

Mkurugenzi alicheka, ikawa bahati mbaya kwamba alicheka peke yake. Akasema mfumo umekosea, na kwamba mashine haiwezi kumpangia binadamu maisha yake bila kumsikiliza. Watu wa dirishani, waliokuwa wamealikwa ili kujaza viti vya nyuma, waliguna kwa pamoja. Waziri aligeuza ngao iliyokuwa mapajani mwake na kusoma maneno ambayo Idara yenyewe iliomba yachongwe.

"Mfumo ndio umesema, na uamuzi wa mfumo ni wa mwisho," alisoma. "Mmechonga vizuri. Na walimu tunawahitaji."

Kwenye skrini vilibaki vitufe viwili, Thibitisha Sasa na Nikumbushe Baadaye. Mkurugenzi alishuka jukwaani, akainama mpaka sikioni kwa Bwana Baadaye, akasema kwa sauti ya chini ya mtu aliyezoea kutiiwa, "Afisa, fanya kazi yako. Na ule mlango ni wako leo hii."

Bwana Baadaye alitoa kitambaa mfukoni, akafuta kipanya taratibu. Mkurugenzi akashusha pumzi.

"Mzee, kamati imeshakaa," alisema Bwana Baadaye kwa heshima zote. "Akidi ilikuwa kidole kimoja."

Akabonyeza Sasa.

Waliokuwepo kituoni wanasimulia kwamba mwalimu alishuka kwenye basi na binti yake mgongoni, mumewe akiwa amesimama pale na kola yake, na kwamba mtoto alimtazama sana kabla hajakubali kubebwa na mtu asiyekuwa simu. Mkurugenzi alikuwa akipanda basi hilohilo na masanduku yake. Mwalimu alimkabidhi ufunguo wa nyumba na kumweleza kwa adabu kwamba ndoo hukaa upande wa kichwani, si miguuni. Mkurugenzi akauliza paa litatengenezwa lini.

"Ombi nililiandika zamani, mwalimu mwenzangu," alisema mke wa Bwana Baadaye. "Lipo mezani kwenu, kwenye kamati."