Taya Namba Kumi na Moja

Jumatatu, 6 Oktoba

Hasira imenipanda mpaka kilemba kinanibana. Profesa Bhullar ametangaza mtihani hapa chuo cha udaktari wa meno. Eksirei ishirini za taya, majina yamezibwa kwa karatasi, kila mmoja aseme ipi ya mwanamume, ipi ya mwanamke. Atakayepatia zaidi atausoma utafiti wa idara mbele ya mkutano wa madaktari kule Chandigarh. Mama ameshawatangazia shangazi zangu wote kwamba ni mimi! Navneet, yule wa kiti cha mbele, keshatoa rula. Anapima taya kutoka chini ya sikio hadi kwenye kona yake, milimita kwa milimita, huku anatabasamu. Tabasamu lile! Mimi nipime mifupa kama seremala? Akili ninazo.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimempelekea Balwant, karani wa eksirei, jalebi za moto zinazochuruzika shira. Kazila zote mbele yangu, hata karibu hakusema. Ameahidi kuninakilia majina kutoka daftari la wagonjwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Orodha imefika. Alaaniwe karani huyu! Kaandika jina la kwanza tu. Manjit. Kuldeep. Harjinder. Ishirini, na kwetu Punjab kila jina kati ya hayo hupewa mvulana na msichana vilevile! Singh ya wanaume iko wapi? Kaur ya wanawake iko wapi? Nilipomfokea alijibu huku akilamba vidole:

"Jalebi zako zilitosha jina moja, daktari sahib. La pili hukulilipia."

Ikabidi nihesabu watu wa mtaani kwetu. Kuldeep: wanaume wawili, mwanamke mmoja. Mwanamume. Namba kumi na moja, Amarjit: mke wa muuza maziwa, mwalimu wa hesabu, bibi wa jirani. Wanawake watatu. Mwanamume ni mimi peke yangu. Nikaandika mwanamke.

Ijumaa, 10 Oktoba

Navneet kumi na saba. Mimi saba! Profesa kaiinua namba kumi na moja mbele ya darasa zima, kabandua karatasi.

"Amarjit, mwanangu, hii tulikupiga Januari, jino la mwisho lilipokuuma. Na midevu yote hiyo, taya lako mwenyewe unaliita la mwanamke?"

Darasa likaangua kicheko. Navneet akaniinamia.

"Pole, dada Amarjit."

Sitamsamehe. Wala Profesa. Wala taya.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemwambia Mama kuna upendeleo. Kanuna kwa niaba yangu. Mtihani mwingine ni Desemba, yale yale ya taya la mwanamume na la mwanamke. Asubuhi nimempelekea Balwant jalebi mara mbili ya zile. Majina sitaki tena, yamenidhalilisha. Safari hii ananiandikia tarehe za kuzaliwa.