Paa la Bibi Asabi

Ogbomosho nzima hapakuwa na mtu aliyempenda Mungu kwa kelele kama Ndugu Gbolahan Popoola! Akisema "Amina," mbuzi wa jirani wanaacha kula. Akiomba mvua, nadhani mawingu yenyewe yanamwomba apunguze sauti.

Mwaka ule alikuwa anautaka ushemasi. Tulijua kwa sababu alianza kusalimia wazee. Yeye, na tumbo lile linalotangulia mlangoni, akalala kifudifudi kwenye vumbi, kama salamu ya heshima ya kwetu, mbele ya bibi yangu Asabi, akainuka na mchanga kwenye tai. Alipoondoka, bibi akaniambia, "Mtu mzima akilala chini hivyo, kuna kitu kaangusha. Tusubiri tuone anatafuta nini."

Alikuwa anatafuta paa letu.

Kwenye kikao cha kanisa cha Januari, Popoola alisimama akatoa hoja. Kanisa lisikae tu kuimba, litoke likahudumie watu, na lianze na mjane Asabi ambaye paa lake linavuja. Mabati mapya aachiwe yeye Popoola, atayaleta. Halafu akaweka mkono kifuani, akasema lile neno lake la kila kikao:

"Sisi Wabaptisti hatuna askofu wala papa. Kura ikishapigwa, imepigwa. Mimi ni nani niipinge?"

Mikono ikapanda. Bibi naye akanyoosha wake, maana paa lilivuja kweli. Ila lilivuja sehemu mbili tu, na kila sehemu ilikuwa na sufuria yake.

Jumamosi wakaja. Lo! Wanaume wa kanisa wote kwenye fulana za njano zilizoandikwa UPENDO KWA VITENDO, na chini ya maneno hayo, uso wa Popoola unacheka. Ngoma mbele, mpiga picha nyuma, katikati masinia ya moin-moin ya kunde iliyofungwa kwenye majani, bado inafuka. Niliangalia mbele, nikaangalia nyuma. Bati hata moja sikuliona.

Popoola alipanda ngazi mwenyewe, kama jemadari anayeteka ngome, akang'oa bati la kwanza, akalishika juu mpaka mpiga picha aliporidhika. Wenzake wakaona utamu. Kung'oa hakuhitaji akili! Jua halijakolea, nyumba yetu ilikuwa na upara, na mabati ya zamani yamepindapinda uani, hayafai hata kufunikia kuku.

"Mwanangu," bibi akamwita, "hayo mapya yako wapi?"

"Yako njiani, Mama."

"Njia ipi?"

"Imani kwanza, Mama. Mabati yanafuata."

Wakaomba, wakaimba, wakala moin-moin, wakapiga picha bibi akiwa katikati, wakaenda zao. Sisi tukabaki tumelala chali, tunatazama kunguru wanavyotutazama.

Bibi alipouliza, Popoola alisema lori limeharibikia Ibadan. Akauliza tena, akaambiwa kamati haijakaa. Kamati yenyewe ilikuwa Popoola peke yake, sijui alishindwaje kukaa! Lakini picha zilikaa. Zilibandikwa mlangoni mwa kanisa, kubwa kuliko mlango.

Tukafunga turubai la kuazima. Vumbi la kiangazi tulilivumilia. Kisha mvua ya kwanza ikashuka jioni, ikapasua turubai, ikageuza amala yetu, ugali wa viazi vikuu, kuwa uji, ikalowesha godoro. Bibi alikohoa siku nyingi, na mvua kubwa zenyewe zilikuwa bado hazijaanza.

Kikao cha Aprili ndicho kilichokuwa cha kuchagua shemasi. Popoola alikuja na agbada, joho pana la sherehe, iliyopigwa wanga mpaka ingeweza kusimama bila yeye. Kabla ya uchaguzi mchungaji akauliza kama kuna jambo jingine. Bibi akainuka na fimbo yake.

"Nina hoja," akasema.

Popoola akageukia watu, akaweka uso tayari kwa kushukuriwa.

"Paa langu liling'olewa kwa kura," bibi akasema, taratibu, katikati ya kikohozi. "Basi mpaka nyumba yangu iezekwe, na kikao kama hiki kithibitishe kwamba kazi imekwisha, mimi na mjukuu wangu na mbuzi wangu tukakae kwa Ndugu Popoola. Sebuleni. Nasikia kuna viti."

Viti! Kanisa zima lilivijua viti vile. Vya ngozi, na nailoni yake ya dukani hajaivua tangu avinunue. Mkewe mwenyewe, Mama Morenike, alikuwa anakaa kwenye kigoda.

Mchungaji akauliza nani anaunga mkono. Hoja isiyoungwa mkono hufa palepale, na Popoola alilijua hilo kuliko sote. Akazungusha macho benchi kwa benchi, na kila alipofika watu wakatazama viatu vyao. Akaanza kutabasamu.

Kwenye mabenchi ya wanawake mtu akasimama. Mama Morenike.

"Naunga mkono," akasema. "Nami nikapate kuvikalia."

Mikono ikapanda kama shamba la mahindi! Wa kupinga ulikuwa mmoja, una pete mbili. Popoola akafungua mdomo, lakini mchungaji akamwahi kwa upole: "Kura ikishapigwa, Ndugu..."

"Imepigwa!" kanisa likamalizia.

Ushemasi akapewa muuza mafuta ya mawese ambaye hakuwa hata ameuomba.

Maajabu ya Mungu ni mengi. Lile lori lililokufa Ibadan tangu Januari likafufuka kesho yake! Wiki haijaisha, nyumba yetu inang'aa mpaka ndege wanafumba macho. Popoola akaingia sebuleni kwake akitembea kwa ncha za vidole, akatangaza kwamba kazi imekwisha, na mizigo ya Mama ataibeba mwenyewe, hata sasa hivi.

Bibi alikuwa kwenye kiti kikubwa, Mama Morenike kwenye kile cha pili. Nailoni ilishaliwa na mbuzi.

"Asante, mwanangu," bibi akasema. "Bado kuthibitisha. Kikao ni Julai. Sogea kidogo, mbuzi anataka kupita."