Viatu Vinavyosinyaa Saa Kumi Alasiri

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi Viatu wa Sokoni.

Ndugu Mwenyekiti,

Pole na kazi. Mimi ni kinyozi wa kibanda cha pili kutoka getini. Nimesimama hapo miaka ishirini na mbili bila kumshtaki mtu, lakini sasa maji yamenifika shingoni. Mwanachama wako mnayemwita Fundi Gundi amenishonea viatu vyeusi vya harusi ya binti yangu, Jumamosi hii, ambapo mimi ndiye wa kumshika mkono kumwingiza ukumbini. Viatu hivyo havina adabu hata chembe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Asubuhi vinanienea vizuri. Ikifika saa kumi alasiri, nimeshanyoa vichwa kumi na tano, vimesinyaa na kamba hazifungiki. Kesho yake vimetanuka tena, kana kwamba havijui lolote.

2. Tabia hiyo inaambukiza. Niliazima viatu vya shemeji, mtu mwenye mguu kama mtumbwi. Navyo vikasinyaa saa kumi ileile. Nikahamia ndala, mikanda ikanichora. Hata soksi zinaniachia pete kifundoni. Fundi Gundi hashoni soksi, kwa hiyo nashuku ana washirika.

3. Mke wangu alinipunguzia chumvi na kuninyang'anya karanga zangu za kazini. Siku ya tatu viatu vikalegea. Jamani, ngozi ya kiatu inajuaje nimekula nini?

4. Binti, ambaye ni muuguzi, hunilaza alasiri miguu ikiwa juu ya mito miwili. Viatu viko mlangoni, hakuna aliyevigusa. Nikiamka, vimetanuka! Vinanichungulia, Mwenyekiti.

5. Binti huyohuyo anasema tatizo ni miguu, nikapimwe. Loo! Miguu hii ninayo tangu nizaliwe. Viatu vina wiki tatu. Mgeni hapa ni nani?

Naomba basi chama kimwamuru fundi anishonee jozi mbili, moja ya asubuhi na moja ya alasiri. Ikishindikana, mwandikieni bwana harusi barua rasmi kwamba ndoa ifungwe kabla ya saa nne asubuhi.

Nisalimie mafundi wote, na mzee anayeng'arisha viatu pale kona. Hata Fundi Gundi msalimie. Nywele zake zimezidi, aje.

Wako mwenye miguu mizima,
Kinyozi.

Tanbihi: Jana, kabla sijafunga bahasha, binti alinibonyeza kifundo kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Tukalitazama wote wawili, wala halijai. Marehemu baba yangu alikuwa na shimo kama hilo, nasi tukamnunulia viatu vikubwa zaidi. Niliogopa, Mwenyekiti, sikufichi. Leo asubuhi nimekwenda hospitali, wamenipima moyo, figo na mkojo. Daktari amenibadilishia kidonge cha presha, kumbe kile nilichokuwa nameza nacho huweza kuvimbisha miguu, na ameniamuru ninyoe nikiwa nimekaa kwenye kigoda kirefu. Majibu mengine ni Ijumaa. Barua naituma hivyohivyo kwa kuwa mwandiko umenipendeza, ila mwambie Fundi Gundi aniwie radhi, viatu vyake havikuwa na kosa. Jumamosi mkiniona naingia na ndala, msicheke. Binti amesema hata nikija pekupeku, atanishika mkono.