Kufuli, Tupa na Shimo la Choo

Jumatano, 16 Oktoba

Mwezi umejaa. Wavuvi wote wamevuka kwenda makwao, maana dagaa hawafuati taa wakati mbingu nzima inawaka. Raha! Kisiwa kizima cha Nyakasole kimebaki na watu watatu. Mimi Makoye, mwangalizi wa kambi. Bibi Bernadina, mpishi, mama yake mama yangu. Na Mwigulu, ambaye kazi yake ni kulinda injini za mitumbwi, naye huzilinda kwa kuzilalia.

Napenda mbalamwezi. Watu wakiwa wengi ulimi wangu unageuka gunzi. Nilianza shule ya Kiingereza pale Buseresere, hela ya baba ikakata, nikamalizia shule ya kata. Kwa hiyo najua lugha mbili na ninanyamaza kwa zote mbili. Hapa haina shida. Natengeneza chanja za kuanikia dagaa, nafukuza korongo, nafunga mbuzi. Kazi niliyoumbiwa.

Sasa balaa. Mama Rebeka, mwenye kambi, amepiga simu. Mtandao unapatikana juu ya jiwe moja tu, tena ukisimama kwa mguu mmoja. Amesema choo chetu kimetitia, na bwana afya ameapa kwamba kisipopatikana kipya kufikia mbalamwezi ya Desemba, anafunga kambi. Choo ni kazi ya mwangalizi. Nikishindwa, Baba Mkubwa Magesa wa Rwamgasa bado anatafuta kijana wa kulisha mawe kwenye karasha lake, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Kule wanalala chumba kimoja wanaume kumi na wawili, na wote wanaongea.

Nikasema sawa, mama. Nikashusha mguu. Simu ikakatika.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimechimba. Shimo linanifika gotini. Chini yake ni mawe matupu. Viganja vimetoka malengelenge, leo naandika kama kuku anayeparua.

Mwigulu alikuja kutazama. Akakaa kivulini na muwa wake. Akasema nachimba kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Akasema yeye alikuwa kwenye maduara ya dhahabu ya Kharumwa, duara refu hata jua lenyewe linaogopa kuchungulia. (Bibi anasema alikaa Kharumwa wiki moja, na alikuwa anauza maji.) Akamalizia kwamba nikishindwa ataomba nafasi yangu, na kitu cha kwanza ataleta spika kubwa.

Spika! Nyakasole!

Nimekosa raha mchana kutwa. Kisha nikalikumbuka neno lake mwenyewe: Kharumwa. Mtu wa huku kwetu mwambie kuna nyama, atajigeuza upande wa pili. Mwambie kuna kazi, hutamwona. Lakini liko neno moja ambalo ukilinong'ona hata maiti atauliza ni wapi.

Nina mpango.

Jumapili, 20 Oktoba

Bibi alikuwa anafuata misa redioni. Nikachukua kufuli bovu la stoo, lile la njano, nikalisaga kwa tupa mpaka vidole vikafa ganzi. Unga wake nikaunyunyiza shimoni, nikamwagia maji. Ulimeta! Ilibidi nijikumbushe kwamba ni kufuli.

Mwigulu alipotokea nikaficha karai mgongoni na kuruka kama mwizi. Sikuigiza hata kidogo. Mtu akinitazama ghafla huwa naruka hivyohivyo.

Akachungulia shimoni. Muwa ukamwanguka.

Jumanne, 22 Oktoba

Imefanya kazi! Mwigulu aliamka kabla ya jua. Nadhani yeye na jua la asubuhi hawakuwa wanafahamiana. Akaniita ndugu yangu. Akasema hawezi kuvumilia kuona viganja vya ndugu vikitoka damu huku yeye yupo. Nikakataa mara moja tu, nikaogopa kukataa mara ya pili asije akakubali. Nikamsihi asimwambie mtu. Akaapa kwa kaburi la mama yake.

Sasa shimo linamfika kifuani. Anaimba humo ndani.

Bibi akaniuliza nimempa nini yule mtoto. Nikasema heshima. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Yaya, hapana, mume wangu! Heshima haijawahi kumchimbisha mtu hivyo." Mabibi wote huwaita wajukuu waume zao, huo ni utani wetu, lakini mimi bado natamani ardhi inimeze.

Nimekumbuka kitu sasa hivi. Mama yake Mwigulu yu hai. Anauza maandazi Buseresere.

Alhamisi, 31 Oktoba

Giza limerudi, na wavuvi wamerudi. Wamekuja na watu wasio wavuvi. Sululu. Koleo. Makarai.

Mwigulu analia kwamba alimwambia kaka yake tu, tena kwa siri. Kaka naye alimwambia shemeji yake, kwa siri. Ziwa zima linajua kwa siri.

Mkubwa wao anaitwa George, mchimbaji wa kweli wa Kharumwa, mzee mwenye kovu kidevuni. Alishuka, akaonja udongo, ndipo akatusalimia. Akachota mchanga wa shimo letu, akauosha kwenye karai, akauchezesha, akatema mate. Akasema hii si dhahabu, hii ni kengele ya baiskeli ya mtu.

Nikashusha pumzi. Nusura nimkumbatie.

Ndipo akanigeukia. Akaniuliza mbele ya wote: kijana, wewe ndiye mwenyeji, kuna kitu hapa au hakuna? Macho yote kwangu. Ulimi, gunzi. Nikatazama vidole vya miguu yangu, nikaanza kutoka jasho.

George akatabasamu polepole. Akawaambia wenzake: mnamwona? Aliyeona hasemi.

Jioni walikuwa wamegawana kisiwa kwa kamba.

Jumatatu, 11 Novemba

Sijapata kuona watu wengi hivi. Mitumbwi inashusha watu kama magunia. Wamekuja mama lishe, wachaji simu, mhubiri mwenye spika. Spika!

Mashimo kila mahali. Moja wamelipitisha chini ya chanja, jana chanja ikazama na dagaa wake wote. Leo asubuhi wavuvi walisimama upande huu na kasia mkononi, wachimbaji upande ule na sululu, katikati nimesimama mimi na mbuzi. Nahodha wa wavuvi akaapa kwamba kesho wakichimba tena ufukweni, ziwa litabadilika rangi. Hakuna aliyecheka. Jiko la Bibi limeanza kuegemea upande. Anapika huku amelishikilia kwa bega.

Na hawa wote hawana choo! Shimo pekee lenye kina ni la Mwigulu, naye analala humo na panga, hataki hata kusikia neno choo likitajwa karibu.

Mama Rebeka amepiga. Nilidhani atanifokea kwa fujo. Amenifokea kwa nini sikumwambia yeye kwanza.

Wananifuata kila niendako. Wananiuliza tuchimbe wapi. Sijibu. Nikipita mahali nimenyamaza, nikirudi nakuta shimo.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimeungama. Sikulala wala kula, nikapanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa kifudifudi, nikafumba macho, nikasema yote. Kwamba ni kufuli. Kwamba nilitaka shimo la choo. Nikawaonyesha kufuli na tupa. Ni maneno mengi kuliko niliyosema mwaka huu wote.

Nikafumbua jicho moja.

George akaanza kupiga makofi. Akasema ameona wajanja Geita nzima, lakini hajaona mtoto anayeharibu kufuli lake ili kufukuza watu wazima kwenye mali. Wakaangua kicheko. Mmoja akasema, huyu bubu akifikia kusema, ujue mkanda wa dhahabu uko chini ya mtumbwi aliosimama juu yake. Wakaniomba nishuke. Wakachimba pale.

Alasiri akafika bwana afya, Bwana Stanslaus, na viatu vyeupe. Akaruka kutoka kwenye boti, akakanyaga. Si mchanga. Alikitazama kiatu muda mrefu sana. Kisha akanitazama mimi. Akasema tarehe kumi na mbili Desemba haisogei, na choo kisipokuwepo siku hiyo atafunga kambi halafu yeye mwenyewe atanipeleka Rwamgasa. Kwa mguu. Kwa mguu uleule.

Jumanne, 26 Novemba

Tope bado liko kwenye kucha.

Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Mashimo yamejaa maji, vyura wamehamia. Juzi ikaja habari kwamba kuna mahali karibu na Kharumwa dhahabu imetoka usoni pa ardhi, mtu anaokota. Wakaondoka wote kama walivyokuja, mhubiri mbele. George aliniaga kwa kunikonyeza. Akasema nimeshinda.

Mwigulu peke yake akakataa kuondoka. Leo alikuwa chini anachota tope, anaimba. Nikasikia ardhi ikikoroma. Kisha wimbo ukakatika.

Maisha yangu yote nimeomba kimya. Hiki kilinitia baridi mpaka kwenye meno.

Nikapiga kelele. Sikujua nina sauti ile! Wavuvi walitoka mabandani nusu uchi wakidhani ni kiboko. Wakanifunga kamba ya nyavu kiunoni kwa kuwa mimi ndiye mwembamba, wakanishusha. Ukuta mmoja ulikuwa umemlalia. Tope lilimfika kidevuni na lilikuwa linapanda. Nilichimba kwa mikono. Aliniita mama. Kuta zilikuwa zinadondosha vipande, nahodha juu anafoka nipande mwenyewe, nitakufa bure. Nikampitisha kamba kwapani, wakavuta, tope likamng'ang'ania, likamwachia kwa kishindo. Akatoka bila kaptula. Bibi akamfunika kanga yake na kumpiga kofi, kisha akamkumbatia.

Nimemwambia tena ni kufuli. Nimelia. Yeye kanishika mkono tu.

Nusura niue mtu kwa kufuli bovu. Naapa, kwa jina la baba yangu, sitacheza tena na tamaa ya mtu.

Alhamisi, 12 Desemba

Tumefaulu!

Ni shimo lilelile. Mimi na Mwigulu tumelikausha, tukajengea kuta kwa mawe ya mashimo mengine (mawe hatukukosa), tukamwaga zege juu, tukasimamisha mabati. Bwana Stanslaus alikuja amevaa buti. Akagonga zege kwa fimbo, akazunguka, akachungulia. Akasema hajaona choo kama hiki visiwa vyote hivi. Tena akanipa mkono, baada ya kuutazama kwanza. Zege lipumzike, mtu asilikanyage. Jumatatu atakuja na Mama Rebeka kukizindua, atie sahihi, biashara iishe. Mama Rebeka amesema kwenye simu kwamba kazi ni yangu na Rwamgasa nisahau. Nilisimama kwa miguu yote miwili na mtandao haukukatika.

Mbalamwezi inarudi. Wavuvi wamevuka, na Mwigulu kaenda kwa mama yake kula Krismasi. Kwenye mtumbwi alinivuta sikio. Akasema hajamwambia mtu: kabla ukuta haujaanguka aliona mstari wa njano ndani ya mwamba mweusi, chini kabisa, mnene kama kidole.

Nikacheka. Nikamwambia, kufuli, ndugu yangu.

Akasema kufuli ulilimwaga shimo likiwa la magotini. Kule chini, ndani ya jiwe, liliingiaje?

Nilicheka mpaka mtumbwi ulipokata kona.

Jumamosi, 14 Desemba

Kimya kizuri. Korongo wawili, mbuzi, Bibi. Nimefagia. Nimerekebisha chanja. Nimefagia tena.

Mimi si mjinga. Unga wa kufuli ulisombwa na mvua, ndiyo maelezo yake. Ingawa mvua haiingii ndani ya mwamba. Nilimuuliza Bibi, kijuujuu tu, kama chuma kinaweza kuzama kwenye jiwe. Akasema yaya, halafu akanitazama kwa jicho baya.

Baada ya chakula alilala. Nikaenda kuchungulia kwenye tundu la choo kwa tochi. Giza. Nikaona bora niinue kona moja ya zege. Si kwa ajili ya dhahabu. Kwa ajili ya amani ya moyo. Nikaweka mtaimbo, nikabonyeza kidogo.

Zege halina habari za kona moja. Lilipasuka vipande vitatu na vyote vikaenda chini. Vimelala palepale aliposema Mwigulu! Mabati yakafuata.

Bibi akauliza kutoka ndani ni nini hicho. Nikamwambia radi. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kusingiziwa.

Jumatatu wanakuja. Peke yangu siwezi kuvitoa vile vipande. Ila kesho mpwa wa nahodha analeta unga wa Bibi. Ana mabega mapana na hana maneno mengi. Kijana mzuri, mtu wa kuaminika, hatamwambia mtu.

Nimeenda kuangalia kufuli jipya la stoo. Nalo ni la njano.

Tupa iko palepale nilipoiacha.