Guildford Lazima Iongoze kwa Joto

Jumatatu, 12 Januari

Fildi imeanza! Mwanafunzi wa mazingira kama mimi anatakiwa kufanya fildi, yaani mafunzo ya vitendo, na hii yangu inafanyika kwenye mtandao. Sitoki chumbani. Utafiti wa joto kali na moto wa nyika, huku nimevaa kaptula. Mungu anawakumbuka waja wake.

Msimamizi wetu ni Dakta Mwiti, Mkenya anayekaa Canberra. Tuko wanafunzi wawili. Mimi Aloyce, mpangaji kwa Mama Darlène hapa Guildford, Sydney. Mwingine yuko Seven Hills. Kamera yake ikafunguka. Kokushubila! Sydney nzima hii, mpaka Koku? Tulisoma darasa moja Bukoba. Tangu darasa la tatu yeye ni wa kwanza, na ripoti yangu imeandikwa "aongeze bidii".

Tumetumiwa vipima joto kwa posta, vidogo kama kiberiti. Masharti: vitundikwe nje, kivulini, mbali na kuta. Dakta akasema baada ya wiki atachagua mtaa wa mfano, ule unaotufundisha jambo. Mwenye mtaa huo atazungumza mbele ya halmashauri na watu wa zimamoto.

Koku alikuwa tayari ana ramani yenye rangi. Mimi nilikuwa natafuta kitufe cha sauti.

Nimeamua. Guildford lazima iongoze kwa joto.

Jumanne, 13 Januari

Asubuhi nilifuata masharti. Kivuli, urefu wa mtu, kila kitu. Joto likatoka la kawaida kabisa, hata haya halina. Koku akatuma picha ya kipima joto chake chini ya mkaratusi, naye amevaa kofia pana kama mtafiti wa kwenye kalenda.

Mchana nikakihamishia changu juu ya bati la banda la Mama Darlène, juani. Nyuzi sitini na nane!

Dakta Mwiti akapiga simu mwenyewe. Akauliza kama Guildford kuna watu au kuna maandazi. Nikamweleza kwamba mtaa wetu una mazingira magumu. Akaniambia nikitoe popote nilipokiweka.

Koku alituma kikatuni kinachocheka kwenye kundi, kisha akakifuta. Nilikiona.

Jumatano, 14 Januari

Siku ya akili. Kosa la jana lilikuwa tamaa. Leo nikatundika kipima joto nyuma ya nyumba, pale kiyoyozi cha chumba cha Mama Darlène kinapotemea hewa ya moto. Namba zikaja nzuri, za kuaminika, zenye adabu. Nikajipikia chai.

Sikumfikiria Mama Darlène. Anahudumia wazee kwa zamu ya usiku na mchana analala, na kiyoyozi kinafanya kazi akiwa kitandani tu. Mchoro wangu ukapanda alipolala na ukaanguka alipokwenda kwaya. Kwenye kikao Koku akauliza, kwa upole wa kuudhi, kwa nini Guildford hupoa ghafla jua likiwa bado kali. Nikasema ni upepo wa ndani kwa ndani.

Darlène, binti wa mwenye nyumba, alikuwa anasikiliza mlangoni. Kiswahili anakielewa chote ila hajawahi kujibu kwa lugha hiyo. Akasema kwa Kiingereza kwamba mimi ni dodgy. Neno hilo hapa ni la mtu wa ujanja ujanja. Nikamwambia akafanye kazi za shule. Akanikumbusha kwamba shule zimefungwa.

Alhamisi, 15 Januari

Aibu. Naandika kwa sababu nimeapa kuandika yote.

Dakta alitaka twende pembezoni mwa msitu, tukaangalie majani makavu na magome yaliyodondoka chini ya mikaratusi, maana hicho ndicho chakula cha moto, kisha tuingie kwenye kikao tukiwa hukohuko. Jua lilikuwa halina utani. Nikabaki chumbani mbele ya feni, nikaweka picha ya msitu nyuma yangu. Kompyuta ina uwezo huo. Niliichagua haraka. Sikuona kwamba kwenye kona ya picha kulikuwa na moshi, na chini ya moshi kulikuwa na ndimi za moto.

Dakta Mwiti akasimama mpaka kiti kikaanguka. "Aloyce! Nyuma yako! Wacha kila kitu, toka hapo mbio!"

Ningefanyaje? Nilikimbia. Nikabeba kompyuta mpaka sebuleni, na moto ukanifuata. Nikaingia jikoni, moto nyuma yangu. Nikarudi sebuleni, na kichwa cha Mama Darlène aliyekuwa amejilaza kwenye kochi kikachomoza katikati ya ndimi za moto, kimefungwa kitenge. Akaamka akauliza nani amekufa.

Dakta akaokota kiti chake. Koku akasema, "Pole, Aloyce." Sauti yake ilikuwa inatetemeka, wala si kwa huruma.

Ijumaa, 16 Januari

Aliyeanguka hashindwi kuinuka. Nimepata dhahabu!

Jengo la jirani, ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa, anaishi Mzee Lazare. Mrundi, mjane, alikaa miaka mingi kambini Kigoma kabla ya kuletwa huku. Dirisha lake linatazama jua la jioni. Hulifungua kwa shida kwa kuogopa wezi, na kiyoyozi hakitaki kabisa. "Hiyo upepo ya mashine inavunja mifupa, mon fils," aliniambia, yaani mwanangu. Chumba chake ni tanuri. Nilitaka kumkumbatia.

Nikamwomba nitundike kitu kidogo ukutani. Akakubali kwa sharti moja, ninywe chai. Chai ilikuwa inachemka. Akauliza hicho kitu kinafanya nini. Nikasema kinapima joto. Akacheka, akasema angeniambia mwenyewe.

Masharti yalisema nje. Lakini "nje" ni neno pana.

Namba zake ni tamu ajabu. Hazishuki! Hata jua likizama, chumba kinashikilia joto kama chungu. Koku hana kitu cha namna hii. Nimekula vizuri.

Jumamosi, 17 Januari

Simu zote zilitoa onyo la joto kali tangu asubuhi. Nilikaa na kompyuta kama mtu anayeangalia fainali. Chumba cha Mzee Lazare kilipanda polepole, kikapita thelathini na nane, kikapita arobaini. Nilishangilia peke yangu. Nikaupiga picha mchoro ule, nikamtumia Koku pamoja na vikatuni vya kombe.

Hakutuma kikatuni. Alipiga simu.

"Aloyce, hicho kipima joto kiko ndani?"

Nikasema ndiyo, na kwamba asianze wivu.

"Kuna mtu anaishi humo?"

Nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Darlène alinifuata na ufunguo wa akiba ambao Mzee alimpa mama yake. Tuligonga, hakuitika. Tukafungua. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, amevaa sweta. Sweta! Ngozi yake ilikuwa ya moto na kavu. Aliniita Niyonzima, akaniuliza kama ng'ombe wamerudi. Niyonzima ni mdogo wake aliyefariki zamani.

Koku alikuwa bado kwenye simu, akaanza kunipigia kelele. Vua sweta! Fungua dirisha! Lowesha nguo, weka shingoni na kwapani! Mpepee! Nikavua shati langu jipya nikalilowesha bombani. Darlène akapiga sifuri tatu, namba ya dharura ya huku, akataja anwani taratibu na kueleza kila kitu bila kulia. Kisha akapiga magoti akamshika Mzee mkono, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema Kiswahili. "Babu, usilale. Babu, niangalie mimi."

Gari la wagonjwa lilikuja likamchukua. Mama Darlène, ambaye leo zamu yake ilikuwa ya mchana, alifika mbio akiwa bado na sare ya kazi, akaenda nao.

Jioni upepo wa kusini ukaingia, ule ambao mji mzima huusubiri siku za joto, na milango ikaanza kujipiga mtaa mzima. Nilikaa kwenye ngazi bila shati. Kompyuta sikuifungua. Nilikuwa nimemtazama mzee wa watu akipikwa, nami nikashangilia.

Jumapili, 18 Januari

Amepona! Amekaa kitandani hospitalini, analalamika kwamba uji wao hauna chumvi na kiyoyozi chao kinataka kumuua. Amenishika mkono akaniita mwanawe. Nililia kidogo. Nikasingizia mafua.

Koku alikuja kwa treni kutoka Seven Hills na zabibu. Tulikaa upande huu na upande ule wa kitanda. Nikamwambia asante, kwa kweli. Akasema nisijali, na kwamba picha yangu ya moto ya Alhamisi ameihifadhi, na bado anaitazama akiwa na huzuni.

Kanisani Mchungaji Adrien alitutaja mimi na Darlène kwa majina. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini si sana, watu wasije wakashindwa kuniona.

Jumatatu, 19 Januari

Dakta Mwiti alisikiliza habari yote. Akasema nimevunja masharti tena, na kwamba angenifukuza kama nisingekuwa nimeleta jambo kubwa kuliko yote ya mwezi huu. Kwamba vipima joto vya nje vinasema hali ya hewa, ila watu wanaumia ndani. Amechagua Guildford! Mimi na Koku tutazungumza pamoja, na siku za joto kali tutakuwa tunawapigia simu wazee wanaokaa peke yao. Mzee Lazare amekubali feni, kwa sharti iitwe upepo, isiitwe mashine.

Koku ameandika hotuba. Ni nzuri. Nimeongeza salamu.

Nina furaha. Mtu mzima amejifunza. Kuanzia leo ni ukweli mtupu.

Jumanne, 20 Januari

Sehemu ya pili ya utafiti imeanza, moshi wa moto wa nyika. Vipima moshi vimefika. Dakta amesisitiza uaminifu, nami nikaitikia kwa kichwa mpaka kamera ikatikisika.

Mwenye moshi mwingi ndiye atakayepelekwa Canberra kuuwasilisha utafiti. Koku amekwenda kutundika chake kwenye mikaratusi, porini, kwa nauli yake na jasho lake.

Maskini Koku. Mimi nimefika Granville tu, hapa jirani, kwenye duka la Walebanoni wanaochoma kuku kwa mkaa. Bomba lao la moshi linafuka tangu asubuhi mpaka wanapofunga. Mwenye duka hana hiyana, amesema naweza kutundika kitu kidogo hapo juu, na ngazi ataniazima.

Nimeagiza nusu kuku na kitunguu saumu cha kutosha. Moshi unapanda vizuri sana.