Baiskeli ya Farida Yaenda Bungeni

Jumatatu, 5 Mei

Redio tangu asubuhi. Bunge linajadili mabadiliko ya tabianchi na usafiri wa mijini. Nimesikiliza yote huku naziba pancha, kama tulivyokuwa tukisikiliza mimi na marehemu mke wangu Farida, yeye akibangua korosho na kuwajibu wabunge kwa sauti kana kwamba wanamsikia. Leo mmoja amesema miji yetu irudi kwenye baiskeli. Meza zikapigwa. Farida angemwambia: anza wewe, baba.

Mchana ujumbe kutoka kijijini Mahurunga. Shemeji yangu Bi Fatuma, dada mkubwa wa Farida, atakuja Alhamisi ya wiki ijayo kuchukua baiskeli ya marehemu. Mjomba wao ameshasema. Kwetu huku vitu vya mke hurudi kwa ndugu zake, na sina ubishi na desturi. Kanga niligawa. Sanduku niligawa. Ila siku ya arobaini nilisema baiskeli ina pancha. Walipouliza tena mwezi wa tatu nikasema bado ina pancha. Mimi ni fundi baiskeli hapa Rahaleo, Mtwara mjini, mwaka wa ishirini na mbili huu.

Ni baiskeli ya kike, ya kijani. Kengele yake ina kigugumizi: kri, kri-kriing. Sikuitengeneza hata siku moja. Ikilia kwenye kona ya msikiti, nilijua nibandike chai.

Baada ya alasiri, wazo! Kitu cha marehemu kinarithiwa. Mali ya umma hairithiwi. Baiskeli ikiwa ya tabianchi, Mahurunga watamdai nani?

Jumanne, 6 Mei

Ofisi ya kata. Mtendaji wetu, Mama Magreth, mwenyeji wa Njombe, nimemkuta ameshika barua kama mtu aliyeshika kaa la moto. Jumamosi wabunge watatu wanakuja kuona mifano hai ya usafiri endelevu. Ana siku nne, na hana mfano hata uliokufa.

Nimemweleza kuhusu chombo kisichotoa moshi, kisichonywa mafuta, kilichobeba mwanamke mmoja na ndoo ya vitumbua kwa miaka kumi na moja bila kulalamika. Amekaribia kunikumbatia. Ameandika daftarini: Kielelezo Namba Moja. Mwenye mali? Nikasema umma. Akauliza nina hakika. Nikasema sana. Muhuri ukagongwa.

Nimerudi na stika ya kata. Mahali pazuri pa kuibandika ni pale Farida alipokwangua jina lake kwa msumari. Nimeibandika pembeni.

Jumatano, 7 Mei

Fredi! Jirani yangu, mwendesha kreni mstaafu wa bandari. Amesikia habari, naye amefunga paneli ya sola juu ya bajaji yake na kuipeleka kata. Kielelezo Namba Mbili. Nimemuuliza paneli inaendesha nini. Amejibu inaendesha mazingira. Nimechungulia waya. Unaishia kwenye redio.

Nimemshtaki kwa Mama Magreth. Amesema vielelezo viwili ni bora kuliko kimoja, kisha akaniuliza chama changu kina watu wangapi, kwa maana kwenye ratiba ameshaandika Chama cha Waendesha Baiskeli Rahaleo, wanachama ishirini. Nimesema wanakaribia. Kwa kweli nina baiskeli kumi na moja za wateja ambao hawajaja kuchukua. Wanachama wazuri. Hawana maneno.

Fredi ameanza kuniita Mheshimiwa Spoku. Wateja wamelipenda jina.

Ijumaa, 9 Mei

Mazoezi ya gwaride baada ya swala. Waendeshaji nimewapata kijiweni na kwa wauza samaki. Kila baiskeli nimeipa namba. Mambo yalikwenda vizuri mpaka namba saba ilipopita mbele ya mwalimu Josephu, ambaye nimekuwa nikimwambia tangu Krismasi kwamba baiskeli yake inasubiri kifaa kutoka Dar es Salaam. Amesimama akaitazama ikienda. Nimemwambia ni kwa ajili ya tabianchi. Amesema haina neno, hata yeye amekuwa akienda shule kwa miguu miezi minne kwa ajili ya tabianchi, ila hakuwa amearifiwa.

Jioni nimeipaka mafuta cheni ya baiskeli ya Farida. Yeye alipenda iwe kavu kidogo. Alisema ikilainika sana inamharakisha.

Jumamosi, 10 Mei



Wabunge watatu. Magari tisa. Yote yameachwa yananguruma nje ya ukumbi ili ubaridi wa ndani yake usipotee. Hotuba za kupinga moshi zimechukua saa moja na dakika arobaini. Moshi ulipoanza kuingia, Mama Magreth ametuomba tufunge madirisha.

Kisha gwaride. Kati ya baiskeli kumi na moja, sita zimefika. Nyingine zimekatika cheni, na mwalimu Josephu amemshusha muuza samaki njiani kwa adabu na kwenda nyumbani na yake. Bajaji ya Fredi imekataa kuwaka. Ameniomba nimsukume. Jirani ni jirani, nimesukuma, pamoja na wanaume wengine watatu, sote tumeinama nyuma tusionekane. Waheshimiwa wakaona bajaji inapita mbele yao bila moshi wala sauti. Makofi marefu. Fredi akapunga mkono kama bwana harusi.

Baadaye mkuu wa msafara akaja kwenye baiskeli ya kijani. Akaigusa kengele. Kri, kri-kriing. Nilikuwa sijaisikia tangu Novemba. Akauliza ni ya nani. Nikajibu upesi, kwa fahari: mali ya umma, Mheshimiwa, na karatasi ipo. Akaisoma karatasi, akatazama muhuri. Akasema basi umma unaihitaji Dodoma. Alhamisi atachangia hoja, na badala ya takwimu ataweka mezani kitu ambacho Bunge halijapata kukiona.

Watu wamepiga makofi. Mimi pia. Mikono ilitangulia akili.

Wameifunga juu ya gari la tisa. Nimekimbia nyuma yake hadi barabara kuu. Dereva akadhani nawasindikiza, akapiga honi ya shukrani.

Jumatatu, 12 Mei

Ofisi ya kata, saa moja na nusu asubuhi, kabla hawajafungua. Nimemwambia Mama Magreth nataka kielelezo kirudi. Amefungua daftari. Mwenye mali: umma. Ameniuliza kama mimi ni umma. Nimesema ni sehemu yake. Amesema sehemu haiwezi kusaini.

Halafu amefunga daftari, ameniangalia, na kwa sauti ya chini ameniuliza baiskeli ile hasa ilikuwa nini kwangu.

Nimesema ilikuwa usafiri endelevu.

Fredi amepewa cheti. Amekitundika ndani ya bajaji. Bado haiwaki.

Jumanne, 13 Mei

Hakuna kazi. Jioni, wakati wake wa kurudi, nimebandika chai bila kusikia kengele. Nimesahau kuiepua. Imekauka hadi majani yameungua.

Alhamisi, 15 Mei

Bi Fatuma amefika saa tatu asubuhi na furushi la mihogo kichwani. Kutoka kwake hadi penye gari ni mwendo mrefu kwa miguu, na magoti yake si ya jana. Nimempa maji. Kisha nimeanza hotuba niliyoiandaa: joto la dunia, kina cha bahari, mikoko ya mdomoni mwa Ruvuma, wajibu wa kila kaya. Amesikiliza mpaka mwisho. Akauliza baiskeli iko wapi.

Nimesema iko Dodoma.

Amemalizia maji yake. Kisha akasema amewahi kusikia waume wanaoficha vitu vya marehemu kwa jirani, na mmoja huko Ziwani alificha cherehani darini.

“Lakini Bungeni, shemeji. Hilo ni jipya.”

Nimefungua redio. Yeye amevuta kigoda, akachukua korosho zilizobaki kwenye ungo na kuanza kubangua, bila kuambiwa. Nimeangalia pembeni.

Saa nne na dakika kumi Mheshimiwa amesimama. Akasema maneno mengi mazuri juu ya Mtwara. Kisha akaomba kuweka kielelezo mezani.

Kri, kri-kriing.

Kutoka Dodoma kote huko hadi jikoni kwangu. Korosho imemdondoka Bi Fatuma. Mimi nimeshanyanyuka, nina birika mkononi. Sijui niliichukua saa ngapi.

Spika akauliza nani amepiga kengele ndani ya Bunge. Mmoja akasimama kutoa taarifa. Wa pili akaomba mwongozo. Wa tatu akataka kujua kama baiskeli ni waraka, vazi au silaha, maana kanuni zinataja hivyo vitatu tu. Wa nne akasema kwao kuna baiskeli nzuri kuliko hiyo. Dakika arobaini. Muda wa hoja ya tabianchi ukaisha. Spika akaagiza hoja iletwe mkutano ujao, na kielelezo kihifadhiwe stoo mpaka hapo.

Bi Fatuma amefuta macho kwa upindo wa kanga. Amesema kile kigugumizi kilianza mwaka ule Farida alipoanguka nayo kwenye mteremko, akakaa chini katikati ya vitumbua vilivyomwagika, akacheka mpaka wapita njia wakaketi naye kula. Miaka kumi na moja nimeisikia kengele ile, na hilo sikuwahi kuambiwa. Mimi aliniambia vitumbua viliisha mapema.

Halafu akanieleza desturi kama anavyoelezwa mtoto. Wao kazi yao ni kuja kuomba. Wanaomba mara tatu. Mwenye kupenda kubaki na kitu anasema napenda kubaki nacho, wanakunywa chai, yanaisha. Mjomba alikuwa anangoja tu mara ya tatu. Kwa pancha zote mbili, walicheka huko Mahurunga kwa wiki nzima.

“Shemeji,” akasema, “ungesema tu unaipenda.”

Nimemwambia nilikuwa nafikiria hali ya hewa.

Tumekunywa chai.

Ijumaa, 16 Mei

Bi Fatuma ameondoka asubuhi. Nimemsindikiza na mfuko wa korosho. Kabla ya kutoka alisimama nyuma ya mlango wa jiko, akaitazama mbuzi ya nazi ya Farida. Bado ina ule mkeka mdogo alioushonea pa kukalia. Akasema ni nzuri, yake imekwisha meno, na mwezi ujao atakuja kuiomba, mara ya kwanza. Kisha akanitazama usoni, akangoja, kama mwalimu anayejua kwamba mwanafunzi analo jibu.

Nilikuwa nalo. Lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Nikasema mbuzi ina pancha.

Amecheka hadi barabarani. Nimemsikia mpaka alipokata kona.

Nimerudi ndani nikiwa mzito. Nimeketi kwenye mbuzi. Nimefungua redio kwa mazoea tu. Nao wakatangaza: wiki ijayo Bunge litajadili matumizi bora ya nishati majumbani.

Majumbani!

Mbuzi ya nazi haitumii umeme. Haitumii mafuta. Haitoi moshi. Fredi, najua, ataleta blenda.

Saa tano nilikuwa kata. Mama Magreth amesoma barua yangu mara mbili na kuniuliza kama nina hakika, kabisa, mbele ya Mungu. Nimesema sana. Muhuri umegongwa. Kielelezo Namba Tatu. Pale penye mwenye mali nimeandika UMMA, kwa herufi kubwa, wasije wakakosea.